Krismasi bila mti wa plastiki: matawi yananikaukia siku ya tatu, naombeni ushauri

MamaWawili
Habari za jioni wadau. Naishi Tabata, Dar. Mti wetu wa plastiki umevunjika na sitaki kununua mwingine. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, mama alikuwa anasimamisha tawi la saipresi kwenye ndoo ya mchanga, nyumba nzima inanukia. Harufu hiyo nataka wanangu nao waikumbuke.

Mwaka jana ndugu alinitumia matawi kwa basi. Yalifika yamesinyaa, siku ya tatu yamekuwa kahawia, yakapukutika zulia zima, na sisimizi wakajaa ndani. Nina mtoto wa miezi tisa anatambaa, kila kitu anatia mdomoni. Nimefikiria pia maua ya mkrismasi ulio mtaani kwetu, majani ya masale mlangoni, na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, mkubwa azitunge uzi tutundike. Mnanishauri nini?

FundiBustani
Dada, mchanga mkavu ulifaa Machame kwa sababu ya baridi. Desemba ya Dar tawi linataka maji. Mwambie ndugu yako akate alfajiri, afunge vitako kwa kitambaa kibichi. Likifika, kata kitako tena sentimita mbili tatu, lilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, nje. Asubuhi likung'ute kwa nguvu, sisimizi wabaki huko huko uani. Ndani lisimamishe kwa mawe kwenye ndoo yenye maji, mbali na feni, na usiliingize kabla ya tarehe 22.

Ila mimi ningenunua mche wa mvinje kwenye kiriba kikubwa. Joto na mchanga wa pwani ndio kwao. Sikukuu ikiisha unaupanda, mbali na ukuta maana unarefuka sana.

Maua ya mkrismasi yaache mtini, ukiyachuma yananyauka siku hiyo hiyo. Okota maganda yake makavu yaliyoanguka. Ni marefu, magumu, ukiyatikisa yanalia kama kayamba.

NesiTabata
Mama, hizo mbegu ni tipitipi. Tafadhali zitoe nyumbani leo. Zina sumu kali. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu huweza kuizuia sumu isitoke, lakini ukishaitoboa ili uitunge uzi umeifungulia njia. Kwa mtoto anayetambaa usijaribu kabisa. Kama amemeza, hata kama hana dalili, mkimbize hospitali.

Na maji ya hiyo ndoo yabadilishwe kila baada ya siku mbili, ndoo isuguliwe. Dengi Dar tumeiona 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji yaliyotuama majumbani. Mishumaa isikae karibu na saipresi, ikikauka inawaka kama imemwagiwa mafuta.

BintiPangani
Huku kwetu tunatumia kuti changa la mnazi, lile la njano ambalo halijafunguka. Unasuka nyota, ndege, panzi. Likikauka linageuka rangi ya ukindu na umbo halipotei. Wakwezi wakiangusha nazi, waombe wakushushie moja.

MzeeWaKihamba
Mwanangu, umetaja masale. Kwetu Wachagga hilo ni jani la kuombea msamaha na la kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Sikukatazi kuliweka mlangoni, Krismasi ni siku ya amani. Ila usilipake rangi ya dhahabu, na waambie watoto kwa nini lipo pale. Linakaa kwenye maji wiki kadhaa na huota mizizi, utalipanda.

MamaWawili
Mzee wangu, shikamoo na asante sana. Nesi, tipitipi nimezichoma, nikafagia sakafu mara mbili nikahesabu kama zote zimetoka. Fundi, mvinje nimeupata, unanifika kiunoni. Saipresi nitaagiza tawi moja tu la harufu, niliweke juu ya kabati asikofika mdogo. BintiPangani, kuti likishushwa linakaa siku ngapi kabla halijawa gumu kusuka? Watoto wanafunga shule wiki ijayo.

BintiPangani
Lisuke siku hiyo hiyo, au lifunge kwenye kanga mbichi hadi kesho yake.