Wakuu, pembe mbili zimegusa kibao changu: natoa 1 au 2?

Mwanapwani_Tga: Salaam wakuu. Huku Chumbageni tunacheza DBA, vita ya mezani ya vijeshi vidogo, kila upande vibao 12. Vyetu tumekata kwa kadibodi, milimita 40 upana. Jana umezuka ubishi mpaka kahawa ikapoa.

Kibao changu cha panga (askari wa mapanga) kimekabiliana uso kwa uso na cha panga cha mpinzani. Kulia kwangu sina mtu, ila kibao chake cha pili kimesimama pale, pembe yake ya mbele imegusa pembe yangu ya mbele. Kushoto mwenzangu anapigana na kibao chake cha tatu, nacho pembe yake imegusa yangu. Jamaa anasema nimezidiwa ubavu kotekote, nitoe 2. Panga kwa panga kila mmoja anaanza na 5, anajumlisha dadu lake, kisha anatoa 1 kwa kila adui aliyemzidi ubavu. Dadu: mimi 2, yeye 6.

Fundi_Dadu: Unatoa 1. Wa pembeni anayekuzidi kwa pembe ni yule asiye na adui mbele yake. Wa kushoto keshashikwa na mwenzako. Hebu fikiri, mistari miwili iliyonyooka ikikutana pembe zote zinagusana. Kwa sheria ya jamaa yako kila kibao cha katikati, chako na chake, kingetoa 2. Upuuzi mtupu.

Hesabu sasa: 5+2-1 ni 6, yeye 11. Umevuka nusu ya yake, unarudi nyuma tu. Ukitoa 2 unabaki na 5, hufiki nusu, umekufa. Ndiyo maana kang'ang'ana!

BiMkubwa_Ngamiani: Usishangilie bado mwanangu. Huyo wa kulia kakugusa kwa pembe, au uso wake wa mbele umekugonga ubavuni? Kama ni uso, ukilazimika kurudi nyuma unakufa palepale, hiyo 1 haikuokoi.

Mwanapwani_Tga: Shikamoo Bi Mkubwa. Pembe tu, amesimama sambamba na mwenzake. Nilinyoosha kwa kiberiti.

BiMkubwa_Ngamiani: Marahaba. Basi uko hai.

Mgosi_Asili: Wagosi, na vita vya Tanga vya 1914 vimo humo? Mie nataka wale nyuki waliowauma Waingereza.

Fundi_Dadu: Mgosi, DBA inaishia miaka ya 1500 hivi, nyuki katafute kwingine. Mwanapwani, siku nyingine semeni nani kagusa nani kabla ya kurusha. Dadu likishatua kila mtu anakuwa wakili.

Mwanapwani_Tga: Nimemsomea. Kakubali nirudi nyuma, ila kahawa kasema halipi.