Huyu "msoma mawazo" wa saa kubwa akome! Ananiambia MIMI karatasi zangu nikafungie karanga?

Mzee wa Karata ameandika:

Wakuu, habari za asubuhi. Mimi sijalala. Naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Hivi nani alimdanganya yule bwana kwamba anasoma mawazo? Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa koti la zambarau, saa mkononi kubwa kama kifuniko cha sufuria, anayejipamba mitandaoni kwamba "naijua siri yako kabla hujaifikiria". Huyohuyo.

Jana tuliitwa wote wawili kwenye sendofu moja hapa Dar. Kamati ilitaka mazingaombwe kidogo watu wakisubiri chakula. Nikatangulia mimi. Mama mmoja meza ya mbele akaandika jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mwenyewe. Nikamtazama usoni, nikamuuliza hili na lile, nikalitaja jina. Mama akalia, machozi ya kweli, kumbe mwalimu mwenyewe alishatangulia mbele za haki. Vigelegele ukumbi mzima.

Ndipo bwana koti akapanda. Salamu hakutoa. Kampokonya MC maiki, mimi bado nashuka ngazi, na ukumbi wote unasikia, wakwe wanasikia, wapishi huko nyuma wanasikia, walinzi wa geti la jirani wanasikia, akasema: "Mzee wangu ahsante, hizo karatasi sasa kafungie karanga. Sisi wengine tuko dunia nyingine."

KAFUNGIE KARANGA!

Watu wakacheka. Wakuu, hata yule mama aliyekuwa analia akacheka, machozi yake bado yako shavuni. Nimelelewa na kazi hii, nimesomesha watoto kwa kazi hii, leo mtu anayelisha akili yake kwa waya wa chaja ananiambia nikafungie karanga mbele ya watu wazima na suti zao.

Sasa niwaambie hiyo "dunia nyingine" ikoje.

Kamwita mjomba wa binti. "Mjomba, toa simu yako mwenyewe, watu wasije wakasema nimeiandaa." Mjomba akatoa. Bwana koti akaichukua "amsaidie" kufungua Google, vidole vinakimbia, kisha akamrudishia: tafuta mtu yeyote maarufu, usinionyeshe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la mjomba. Simu ya mjomba yote iko kwa Kiswahili, mpaka siku na tarehe. Ile Google iliyofunguka ilikuwa Kiingereza kitupu, na juu kwenye anuani palikuwa na maneno marefu ambayo ndani yake hakuna Google hata ya dawa. Ule ni ukurasa wake! Unaandika pale, maneno yanakwenda kwake kwanza, halafu ukurasa unakusukuma kwenye Google ya kweli, na wewe hushtuki.

Mjomba akaandika Mbaraka Mwinshehe. Bwana koti akatupia jicho saa yake. Akafumba macho, akashika paji la uso, akayumba. "Nasikia gitaa... naona milima... naona Morogoro..." Unaona Morogoro wapi wewe? Umeona jina limeandikwa kwenye saa! Na mtoto yeyote wa mjini akisikia Mbaraka Mwinshehe anajua Morogoro Jazz! Ukumbi ukasimama. Shangazi mmoja akavua viatu.

Haijaisha. Akatoa kete kwenye kikopo, ile kete ina mtambo tumboni unaozungumza na simu kwa Bluetooth. Mtoto akatikisa, akafunika. Bwana koti akafumba macho, na maiki kaishika kwa mkono uleule wenye saa. Spika zikatoa: vrrr. Vrrr. Vrrr. Vrrr. Kisha akatangaza kwa sauti ya kinabii: "Ni NNE!" Na watu wakapiga makofi! Saa imemnong'oneza kwenye spika zenye urefu wa mtu mzima, ukumbi wote umesikia, lakini wa kufungia karanga ni mimi!

Robert-Houdin, Mfaransa ambaye wana mazingaombwe wengi wanamwita baba wa kazi hii, mwaka 1846 alimpandisha jukwaani mwanawe Émile kule Paris, macho yamefungwa kitambaa, mtoto anataja vitu vilivyo mikononi mwa watu. Mwenyewe ameeleza walivyojifua: wanapita mbele ya duka, wanatupa jicho mara moja dirishani, wakifika mbele kila mmoja anahesabu alivyoviona. Julius na Agnes Zancig, mume na mke, walijaza kumbi za London mwanzoni mwa karne ya 20. Mume anashika kitu cha mtazamaji, anauliza kwa maneno ya kawaida tu, mke akiwa mbali anajibu, kwa sababu kila neno la swali lilikuwa na maana waliyoihifadhi kichwani. Hiyo ni kazi. Unalala unaota orodha. Huyu wa kwetu akiishiwa chaji hawezi kukisia hata jina lake.

Na mjomba hajui mpaka sasa kwamba alichoandika kilipitia kwa mtu. Je, angetafuta dawa ya ugonjwa wake? Angeandika jina la mtu ambaye mkewe hapaswi kulijua? Karatasi yangu mimi huichoma moto, ikishaungua imeungua. Kile alichoandika mjomba kimebaki kwenye simu ya mtu.

Nasema tena: kafungie karanga. Aliniambia mimi. Kwenye maiki.

---

Siti ya Dirishani: Nimewahi. Vuta viti wakuu.

Mnyalu Halisi: Mleta uzi, ngoja nikuelewe. Wewe unadanganya watu kwa karatasi, mwenzako anadanganya kwa simu. Unataka sisi tuamue uongo upi una adabu?

Mzee wa Karata: Mnyalu, mimi najifua usiku kucha, yeye anapakua programu. Huoni tofauti? Na hukuwepo alivyonitolea ile kauli.

Mnyalu Halisi: Tofauti naiona. Yeye kashangiliwa kwa kusimama, wewe umeshuka ngazi.

Mama Pacha wa Tandika: "Kafungie karanga" 😂😂😂 nimecheka mpaka pacha mmoja kaamka. Pole baba, lakini hilo neno limekaa vizuri jamani.

Kijogoo cha Mtaa: Chai. Kete gani inaongea na simu? Mtambo utaingia wapi mle?

Fundi Redio: Siyo chai, Kijogoo. Ndani mnakaa betri ndogo na kihisi kinachojua upande upi uko juu. Mimi ni fundi, hizo nimezifungua kwa mkono wangu. Saa inayotetemeka ndiyo rahisi kabisa.

Na wala kunong'onezwa si jambo jipya. Marekani kulikuwa na mhubiri wa televisheni, Peter Popoff. Alikuwa akiita watu kwa majina, anataja magonjwa yao na mitaa wanayokaa, watu wanaanguka chini. James Randi, naye mwana mazingaombwe, akapeleka watu na redio ya kunasia mawimbi. Wakadaka sauti kwenye megahertz 39.17: ni mke wa mhubiri, Elizabeth, yuko nje ya ukumbi, anamsomea mumewe sikioni yale waumini waliyoandika kwenye kadi za maombi. Mwaka 1986 Randi akairusha ile kanda kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, Marekani nzima ikasikia. Mwaka uliofuata huduma ya Popoff ikatangaza kufilisika. Baadaye akarudi tena na kazi ileile, na watu wakarudi kumpa.

Neema Tele: Fundi Redio umenigusa pabaya. Mimi nilikokuwa nasali, getini kuna dada wa mapokezi na daftari. Unaandika jina, namba ya simu, umetoka wapi, una shida gani. Saa mbili baadaye nabii anakutaja jina na namba yako ya simu mpaka tarakimu ya mwisho, mimi nikapiga magoti nalia. Daftari nililijaza MWENYEWE! Nilinunua mafuta, nikanunua chumvi, nikanunua kitambaa. Sitamtaja, mnamwona kwenye mabango njia nzima ya kwenda kwetu. Bora huyo wa koti la zambarau, anachukua malipo ya kamati tu, hakuambii uache dawa za hospitali.

Kijogoo cha Mtaa: Neema, kitambaa kilikuwa shilingi ngapi?

Neema Tele: Kijogoo usinichokoze leo.

Mzee wa Karata: Dada Neema pole sana, lakini tusitoke kwenye mada. Mada ni kauli aliyonitolea.

Msomi wa Kariakoo: Mzee wa Karata, kuhusu huyo Robert-Houdin uliyemsifu sana. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria kuwavunja nguvu marabuti, wale watu wa dini waliokuwa wakiheshimiwa na kushawishi watu waikatae Ufaransa. Alibeba kisanduku chenye chuma chini, jukwaani akaficha sumaku ya umeme. Kaita Mwalgeria mwenye nguvu zake, kabeba kisanduku bila shida. Umeme ukawashwa, yule bwana akakivuta, hakinyanyuki. Halafu akapigwa shoti kwenye mpini, akaanguka magoti, akakimbia. Huyo ndiye baba yako wa kazi. Alitumia umeme kututisha Waafrika tuendelee kutawaliwa, na wewe unalia na saa ya Bluetooth.

Mnyalu Halisi: Nishikeni. Kumbe tatizo la bwana koti kachelewa kuzaliwa tu.

Mzee wa Karata: Sikumsifu kwa sumaku! Nimemsifu kwa kumfundisha mtoto kumbukumbu. Na hata huko Algeria hakumwambia mtu akafungie karanga.

Msomi wa Kariakoo: Kampiga shoti, mzee wangu. Shoti.

Mzee wa Karata: Usiniite mzee wangu. Ndivyo alivyoanza na yule.

Mama Pacha wa Tandika: 😂😂

Shemeji wa Sinza: Jamani, hiyo sendofu mimi nilikuwepo! Meza za mwisho kule karibu na jenereta. Ile vrrr vrrr niliisikia, nikajua spika zimekufa. Lakini niwaambie ukweli, sisi wa nyuma mazingaombwe hata hatukuyaangalia, tulikuwa tunaangalia mlango wa jikoni. Pilau ilipofika kwetu imebaki mchele na karafuu. Nyama hakuna. Nimechanga laki moja, kadi ya watu wawili, mke wangu kala tikitimaji.

Siti ya Dirishani: Laki moja kwa tikitimaji 🙆🏾

Mzee wa Karata: Shemeji, kwa hiyo wewe ni shahidi. Waambie alivyosema kwenye maiki.

Shemeji wa Sinza: Mkuu nimekwambia tulikuwa tunaangalia jikoni. Na vinywaji je? Kuponi mbili kwa kichwa, ukienda kaunta unaambiwa baridi zimeisha chukua za moto. Kamati imekula hela, nasema wazi.

Mjumbe Mstaafu: Shemeji, chunga kauli. Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi, mnatupa lawama hamjui hesabu. Watu mia tatu wanaahidi, nusu wanalipa, na wale ambao hawajalipa ndio wanafika wa kwanza na watoto wanne. Mtu kaahidi laki kwenye grupu, kila wiki anatuma emoji ya maombi, siku ya shughuli anataka kadi. Nyama itatoka wapi?

Shemeji wa Sinza: Mimi nililipa tangu mwezi wa pili! Nina meseji ya muamala!

Neema Tele: Wenye watoto wanne tusisemwe vibaya. Mtoto ataachwa na nani?

Mjumbe Mstaafu: Aachwe na mwenzako uliyemzaa naye, dada yangu.

Kijogoo cha Mtaa: Moto umewaka.

Neema Tele: Mjumbe, umevuka mpaka. Hunijui, huijui ndoa yangu.

Mzee wa Karata: Wakuu, uzi wangu unahusu mazingaombwe...

Fundi Redio: Mjumbe, hapo umekosea, muombe dada radhi. Na suala la pilau kuisha nyuma ni la kila shughuli mjini sasa hivi. Wanaanza kupakua mbele kwa wakwe, sahani inajazwa nyama kumi, wakifika nyuma ni kuchota harufu. Dawa yake ni kupakua meza zote kwa pamoja, wahudumu wawe wengi.

Mjumbe Mstaafu: Nimekosea, dada Neema, samahani. Lakini wahudumu wengi ni pesa. Nani atalipa?

Shemeji wa Sinza: Mlipeni na laki yangu iliyopotea.

Mama Pacha wa Tandika: Mwenye namba ya mpishi mwaminifu wa pilau ya watu mia mbili anitumie inboksi. Harusi ya mdogo wangu Desemba, ukumbi Temeke. Asiyekuja na sufuria zake asijisumbue.