Programu yangu ya chesi niitangaze kwa reti gani? Nimekwama

Farasi_Mweupe: Wakuu, habari zenu. Nimeandika programu ya chesi kwa miaka miwili, usiku usiku baada ya kazi. Imecheza na watu mechi 30: imeshinda 24, sare 2, imefungwa 4. Wastani wa reti za wapinzani ni 1500. Nikipiga hesabu ya Elo (ile ya kupima nguvu ya mchezaji kwa matokeo yake) napata 1780. Niandike hiyo au nisubiri? Usingizi sipati.

MzeeWaSare: Hongera kijana. Umenikumbusha 1997, kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilipomfunga bingwa wa dunia Kasparov 3.5 kwa 2.5. Mwaka mmoja nyuma Kasparov alikuwa ameishinda 4 kwa 2! Tulibishana mpaka watu wakanuniana. Siku hizi hata simu inakufunga, reti ya nini?

BintiHesabu: Mzee, hajauliza hilo. Mleta uzi, sare ni nusu pointi, kwa hiyo 25 kwa 30 ni asilimia 83, yaani pointi 280 juu ya wapinzani. Hesabu iko sawa. Ila mechi 30 ni chache, unaweza kukosea zaidi ya pointi 100 juu au chini. Mlicheza dakika ngapi? Na hiyo 1500 yao ni ya dakika hizo hizo?

Kitunda_Mbishi: Mdogo wangu, sifa za nini? Kizuri chajiuza.

Farasi_Mweupe: Dakika 5. Reti zao ni za mchezo mrefu, lakini mchezaji ni yule yule.

BintiHesabu: Si yule yule. Dakika 5 mtu anaacha kete bure, mashine haipaniki. Mechi zote umezihesabu?

Farasi_Mweupe: Kuna 6 nimeziondoa. Programu ilikuwa inaganda ikibakiwa na sekunde chache, muda unaisha. Huko si kufungwa kichesi, ni hitilafu, na nimeshairekebisha. Halafu viongozi wa klabu nimeshawatajia 1780, Jumamosi wanaipangia wapinzani kwa namba hiyo.

BintiHesabu: Kumbe! Kuishiwa muda ni kufungwa, awe mtu iwe mashine. Rudisha hizo 6: 25 kwa 36, unashuka hadi kama 1640. Ukirekebisha, hilo ni toleo jipya, lianze na mechi zake. Kushusha namba si aibu. SSDF ya Sweden, wanaopima programu kwa kuzichezesha zenyewe kwa zenyewe, mwaka 2000 walishusha orodha nzima pointi 100 ili ikaribiane na reti za binadamu.

Jicho_Kavu: Hii chai. Miaka miwili unaandika programu halafu hujui muda ukiisha umefungwa? Simulia mechi moja tuone.

MzeeWaSare: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Farasi_Mweupe: Si chai jamani. Ilikuwa na malkia dhidi ya ngome, mfalme wa mpinzani kabanwa pembeni, mati (kumnasa mfalme, mechi imeisha) ya hatua mbili iko wazi. Yule dada alishanyoosha mkono kunipongeza. Saa ikasoma sekunde 3, skrini ikatulia tuli. 2. 1. Akarudisha mkono taratibu, hakusema kitu. Mechi hiyo ndiyo ya kwanza niliyoifuta. Katibu nimemwandikia ujumbe, bado sijautuma.

BintiHesabu: Utume leo. Na pembeni ya namba uandike "dakika 5".