Landrover 2A haichaji: dinamo isukwe upya, au nifunge alteneta?

Mzee_wa_Tororo
Habari za jioni wakubwa. Nina Landrover Series 2A ya petroli, ya 1965. Bado ina dinamo yake ya Lucas C40 (jenereta ya zamani ya kuchaji betri), na ethi ni chanya kama ilivyotoka kiwandani, yaani upande chanya wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Siku hizi taa nyekundu ya chaji haizimiki hata nikikanyaga mafuta, na nikiwasha taa kubwa mshale wa amita unalala upande wa kutoa. Fundi mmoja anasema nitupe dinamo, nifunge alteneta (jenereta ya kisasa zaidi) ya Corolla kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala. Mwingine anataka kuisuka, yaani kuifunga waya mpya za ndani. Kijana wangu anasema tuagize Uingereza zile alteneta zenye umbo la dinamo. Ninyi mngefanya nini?

Fundi_Ndeeba
Alteneta, mzee. C40 mwisho wake ni ampea 22, tena injini iwe imechangamka. Hesabu mwenyewe: taa kubwa mbili ni ampea kama 9, koili 3 au 4, waipa 2 au 3. Ukiwa barabarani inatosha. Lakini ukikwama kwenye foleni ya Jinja Road jioni ya mvua, dinamo haitoi kitu cha maana na mzigo wote unabebwa na betri. Alteneta inachaji hata gari likiwa limesimama. Kaboni, beringi, reguleta (kidhibiti cha chaji), vyote unavipata Kampala siku hiyo hiyo.

Dada_wa_404
Ngojeni jamani, mbona mnauza dinamo ambayo hakuna aliyeipima? Mzee, tafuta multimita. Betri ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6. Kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati. Ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu, unateleza, kaza kwanza.

Halafu chomoa waya mbili kwenye dinamo (D inayotoa umeme, na F ya koili za sumaku), unganisha hizo terminali mbili kwa kipande cha waya, pima kutoka hapo hadi kwenye bodi ya dinamo. Washa injini, kanyaga mafuta polepole. Volti zikipanda haraka na laini, dinamo ni nzima. Usizipitishe 20, utaiunguza. Zikibaki 2 au 3, tazama kaboni na komuteta (ile pete ya shaba ambayo kaboni huigusa) kabla ya kumlipa mtu wa kusuka.

Ikiwa nzima, rudisha waya zake, uende kwenye boksi la reguleta. Chomoa D na F pale, ziunganishe, rudia kipimo kile kile.

West_Nile_4x4
Dada yuko sawa, ila mzee akiamua kwenda kwa alteneta asikie hili. Ethi chanya na alteneta ya Corolla havikai pamoja. Ukiunganisha hivyo, diodi zake (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo. Lazima ugeuze nyaya za betri, waya za koili na za amita. Waya ya zamani ya dinamo haikukusudiwa kubeba ampea 50, kwa hiyo vuta nene mpya. Na taa ya chaji usiweke balbu ya LED, maana kwenye alteneta nyingi ile balbu ya kawaida ndiyo inayoiamsha.

Jambo jingine. Mafundi wetu wana tabia ya kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma, eti wanapima chaji. Kwa dinamo ni mchezo mbaya, kwa alteneta ni kuua diodi na reguleta. Mtu akifanya hivyo kwenye gari lako, mfukuze.

Hizo za umbo la dinamo ni nzuri, zipo hata za ethi chanya, na boneti ikifunguliwa gari linaonekana la asili. Lakini bei ni ya Uingereza, na ikifa uko Arua utaegesha gari usubiri parseli.

Mzee_wa_Tororo
Nimepima leo. Mkanda uko sawa. Kwenye dinamo volti zilipanda hadi 18 bila shida. Kwenye boksi la reguleta: 2 tu! Tukafuata waya ya F, tukakuta imesuguliwa na klipu karibu na ukuta wa injini, shaba imekatika ndani ya plastiki. Tumeunga. Sasa taa inazimika, na betri inasoma 14.1 nikikanyaga mafuta.

Fundi_Ndeeba
Sawa, dinamo imeshinda. Lakini foleni haijaondoka, mzee.

Dada_wa_404
Foleni gani ya Tororo, ssebo? Mzee anaenda Malaba mchana na kurudi. Mimi ningeacha C40 ilivyo, nisafishe tu pointi za reguleta na ethi ya lile boksi. Anayeendesha Kampala kila usiku, huyo ndiye wa alteneta.

Mzee_wa_Tororo
Dinamo inabaki. Swali moja: chaja ya simu naweza kuichomeka?

West_Nile_4x4
Si ile ya kawaida ya kwenye gari. Ganda lake hugusa bodi, na kwako bodi ni chanya, kwa hiyo umeme utaingia kinyume. Nunua pawabenki.