Naomba ushauri: kikomo cha RPM kwenye 1JZ-GTE, nikate moto au nikate mafuta?

Koili_Tatu: Wakuu, heshima yenu. Niko Tanga, Ngamiani. Kuna Toyota Chaser JZX100 hapa, mashine ni 1JZ-GTE VVT-i, silinda sita na tabo. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya Toyota imetolewa, imefungwa Speeduino, ile kompyuta ya kujipangia mwenyewe. Inawaka na kutulia vizuri, kimebaki kikomo cha RPM tu. Kwenye TunerStudio, programu ya laptopu ya kuipangia, naona unaweza kuchagua kukata moto, kukata mafuta au vyote viwili. Kipi hakiui mashine? Na namba niweke ngapi? Jumamosi gari inatakiwa barabarani, nina presha.

Mwambao_01: Anza na oili mkuu. Watu mnahangaika na laptopu huku mmemwaga oili nzito ya lori kwenye mashine yenye VVT-i. Ile VVT-i, mtambo wa kubadili taimingi ya valvu, inaendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo.

Kranki_Sensa: Kata mafuta, nozeli zote kwa pamoja. Mafuta yakikatika yote, silinda inapumua hewa tupu na hakuna cha kuungua. Balaa liko kwenye kukata nusunusu tabo likiwa na presha: silinda inayopata mafuta pungufu inaungua kavu, pistoni inatoboka. Ukikata moto peke yake, nozeli zinaendelea kumwaga, na petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye ekzosi.

Namba sasa. Hiyo mashine kiwandani inatoa 280 PS kwenye 6,200 RPM. Kwa springi za valvu zilezile za kiwandani huna unachokitafuta juu ya 7,000. Weka kikomo laini 6,700, kigumu 6,900. Kigumu ndicho kinachokata. Kile laini kinarudisha taimingi ya moto nyuma, yaani cheche zinachelewa. Kipe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, muda usizidi sekunde 1, kwa sababu taimingi ikirudi nyuma joto linahamia ekzosi. Halafu ujue kwamba mafuta yaliyokwisha kumwagwa mlangoni mwa valvu yataungua tu hata kama umekata, kwa hiyo gia ya kwanza RPM itapitiliza kidogo. Nafasi tunayoiacha chini ya 7,000 ni ya hilo.

Usijaribu kwa 6,900 moja kwa moja. Injini ikifika nyuzi 80, gia huru, weka kigumu 3,000 na laini 2,800, kisha panda mafuta taratibu. Ikikata, linganisha RPM ya kwenye laptopu na ya mshale wa dashibodi. Zisipolingana, simama hapo utafute sababu. Zikilingana, panda 4,500, ndipo urudishe namba zako za kweli. Na ule urekebishaji wa mafuta wa kiotomatiki uzime kabisa wakati wa zoezi: kikomo kikikata, sensa ya oksijeni inaona hewa tupu, programu inadhani mafuta ni kidogo na kuyajaza kwenye jedwali pasipohitajika.

Kingine, kikomo hakikuokoi na kosa la gia. Ukitoka ya nne ukatumbukia ya pili, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, hata ukikata kila kitu.

Koili_Tatu: Shukrani mkuu. Ila mimi nilikuwa nimeshaelekea kwenye kukata moto, na kigumu nikifikiria 4,000. Waya wa kitufe nimeshauvuta hadi kwenye usukani, umeingia kwenye pini ya klachi, ndiyo inayowasha hicho kikomo cha 4,000.

Kranki_Sensa: 4,000 kwa mashine inayofika kileleni 6,200? Hicho si kikomo cha kulinda injini. Ni cha kazi gani? Na masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) yapo au yametolewa?

Chumbageni_Boy: Hahaha, mkuu kashtuka. Kitufe kwenye usukani, moto unakatwa, 4,000... hayo ni mabomu ya ekzosi wazee.

Koili_Tatu: Sawa, niseme ukweli. Jumamosi kuna msafara wa harusi, unatoka Makorora kwenda Raskazone. Gari ni ya mteja, yeye ndiye anayetaka itoe milio kidogo. Masega yapo, ya kiwandani. Lakini atabonyeza mara chache tu, siyo njia nzima. Na kitufe kimeshafungwa vizuri, kuanza kufumua tena ni hasara.

Mama_Pongwe: Mwanangu, njia hiyo ya Raskazone ndiyo ya hospitali ya Bombo. Kuna wazazi na watoto wachanga pale. Harusi ina ngoma na matarumbeta, havitoshi? Na gari la mtu ukishaliharibu, aliyetaka milio hatakumbuka kwamba alitaka.

Chumbageni_Boy: Bibi harusi atashuka na wanja wa masizi.

Tochi_Segera: Mimi nauliza tu, matrafiki wa Jumamosi mmeongea nao?

Fundi_Bubu: Wakuu, mnamjibu mtu wa chai. Bodi ya Speeduino toleo la 0.4 ina njia nne za koili na nne za nozeli. 1JZ ina silinda sita. Aliiwashaje? Halafu sensa ya kranki ya Toyota hiyo, inayosoma mzunguko wa injini, ni ya sumaku, wimbi lake linapanda na kushuka. Bila chipu ya kuligeuza, bodi haisomi chochote. Kijana ameangalia video akaja kututungia harusi.

Koili_Tatu: Siyo chai. 1JZ ya VVT-i ina koili tatu, kila moja inapiga silinda mbili: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Hizo ni njia tatu, ya nne iko wazi. Nozeli nimeziunga mbilimbili kwa jozi hizohizo. Chipu ni MAX9926. Ukitaka zaidi: kwenye logi, hesabu ya kupoteza usawazishaji (mara ambazo kompyuta imepotezana na mzunguko wa kranki) iko 0 hadi 5,200 RPM, nikipita hapo inapanda mpaka 14. Gari haizimi ndiyo maana sikusema.

Fundi_Bubu: Haya, chai ina sukari. Nimekubali.

Kranki_Sensa: Ndiyo hiyo ungeanza nayo! Acha habari ya kikomo kwanza. Kompyuta ikikosea kuhesabu meno ya gurudumu la kranki, RPM inaruka kwenye logi, na mruko mmoja ukigusa 6,900 inakata mafuta wewe ukiwa 5,200 na mzigo. Fanya hivi: waya wa sensa ya kranki uwe wenye nyavu ya kuzuia kelele za umeme, nyavu iungwe ardhini upande wa kompyuta tu, upande wa sensa iachwe wazi. Upitishe mbali na waya za koili. Angalia plagi kama ni zenye rezista. Kisha geuza waya mbili za sensa uone. Zikiwa kinyume, usomaji unayumba RPM inavyopanda. Hesabu ikibaki 0 hadi 6,500, ndipo urudi kwenye zoezi la 3,000.

Koili_Tatu: Leo hiihii nafumua waya wa sensa. Na kitufe? Nasema sekunde mbili tu pale ukumbini.

Kranki_Sensa: Sekunde mbili kwa 4,000 RPM ni mizunguko 133. Kila silinda inapiga mara moja kwa mizunguko miwili, silinda sita, jumla kama mara 400. Kompyuta ikikata moto nusu tu, mara 200 mafuta yametoka mabichi. Yanaungulia ndani ya masega, masega yanayeyuka, yanaziba, na mteja anarudi kwako akisema gari haivuti. Chomoa waya kwenye pini ya klachi, na kwenye programu uizime pia.

Koili_Tatu: Na masega yakitolewa kabla ya Jumamosi?

Kranki_Sensa: Tabo linakaa kabla ya masega, mkuu. Hilo utalitoa pia?