Mjadala: Tangazo halitaji jeshi, kijana anasaini, anaishia vitani. Je, amejitakia?

Binamu yangu ana miaka 27 na leseni ya kuendesha lori. Alijaribu usajili wa makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) mara mbili, akakosa zote, na sasa umri umempita kwa kuwa mwisho ni miaka 26. Mwaka jana alinijia na simu mkononi, akaniomba nimsomee tangazo lililotumwa kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Urusi inahitaji madereva, walinzi na wapishi. Viza na nauli juu ya mwajiri. Mshahara ulikuwa mara tano ya alichokuwa akilipwa kwa vibarua vya Mombasa Road. Nililisoma mara tatu nikitafuta jina la kampuni. Halikuwepo. Mji wa kazi haukuwepo. Neno jeshi halikuwepo.

Naanzisha mjadala huu kwa sababu kila habari za Wakenya waliokwama katika vita vya Urusi na Ukraine zinapotoka, wengi wetu husema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ni mtu mzima, alisaini kwa mkono wake, alitaka pesa. Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Tazama kwanza tangazo letu wenyewe. KDF wakitaka makurutu wanachapisha magazetini: umri miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, kitambulisho halisi, tarehe, kiwanja, na onyo kwamba usajili ni bure na anayetoa hongo atakamatwa. Anayejitokeza uwanjani saa kumi na mbili asubuhi anajua anaomba bunduki. Ndiyo, bado matapeli huuza barua bandia za kuitwa mafunzoni, na wazazi wameuza mashamba kwa ajili ya barua hizo. Hilo ni doa letu. Lakini tangazo lenyewe halimdanganyi mtu kuhusu kazi.

Sasa linganisha. Septemba 2025 maafisa wa idara ya upelelezi wa jinai (DCI) walivamia nyumba Athi River wakawaokoa watu 22 waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Novemba mwaka huo Musalia Mudavadi, Waziri wa Mambo ya Nje, alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingizwa katika vita hivyo. Mwezi huohuo mwenzake wa Ukraine, Andrii Sybiha, alitaja Waafrika 1,436 kutoka nchi 36 waliotambuliwa upande wa Urusi. Afrika Kusini nayo ilipokea simu za wanaume 17 waliokwama Donbas, mashariki mwa Ukraine, wakiomba kurudishwa nyumbani. Wote hawa walikuwa wajinga? Au kuna mtu aliyekaa akaandika tangazo kwa ustadi, akijua ni neno gani la kuliacha?

Wasichana nao hawakuachwa. Mpango wa Alabuga, huko Tatarstan nchini Urusi, ulitangazwa mitandaoni kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22, Waganda na Wakenya wakiwemo: kazi na masomo, hoteli, upishi, tiketi ya ndege bure. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wengi walivyojikuta wakiunda droni za kivita. Aprili mwaka huohuo droni za Ukraine zilikuwa zimepiga bweni la eneo hilo na kujeruhi watu. Binti aliyeaga nyumbani akisema anakwenda kusomea hoteli alikuwa amelala ndani ya shabaha ya kijeshi. Nani atamwambia amejidunga?

Kuna wanaosema, sawa, lakini akifika si anasomewa mkataba? Mkataba umeandikwa Kirusi. Na hata angeuelewa, ule “mwaka mmoja” ulioandikwa humo hauishi. Tangu amri ya Putin ya 21 Septemba 2022, mikataba ya wanajeshi wa Urusi haikomi tarehe iliyoandikwa. Inaendelea hadi amri yenyewe iondolewe. Kijana anahesabu miezi kumi na miwili, anakuta hakuna mlango wa kutokea. Kwangu mimi hapa ndipo hoja ya “alisaini mwenyewe” inapoanguka kabisa, maana alichosaini hakikuwa na kikomo alichoambiwa.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni hii: mbona jeshi la Uingereza huchukua raia wa Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwemo, na hatulalamiki? Mwaka 2018 hata waliondoa sharti la kuwa umeishi Uingereza miaka 5. Ni kweli, na sipendi sana kuona damu yetu ikitafutwa kwa sababu ya njaa yetu. Hata hivyo anayeomba huko anajua anaomba uaskari. Anaweza kukataa kabla ya kupanda ndege. Tofauti hiyo si ndogo.

Babu zetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuonyeshwa tangazo lolote. Wengi walikamatwa tu vijijini, wakafa kwa maradhi na njaa njiani. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Siku hizi hakuna anayekamatwa. Anatumiwa ujumbe.

Ninachotaka ni kidogo. Wakala yeyote anayetangaza kazi ya nje alazimishwe kuandika jina la mwajiri, mji wa kazi na namba ya leseni aliyopewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uonekane hapa nyumbani, kwa Kiswahili au Kiingereza, kabla ya pasipoti kuondoka mkononi mwa kijana. Wakala aliyeficha jeshi ashtakiwe kwa ulanguzi wa binadamu, hata kama kijana alirudi salama.

Wanaopinga, karibuni. Ila naomba mtu mmoja alete hapa tangazo, hata moja, la udereva au upishi Urusi lililomwambia kijana kwamba atapewa bunduki.