Naombeni ushauri: nitajuaje konsoli (mashine ya gemu) itakayododa kabla sijatoa hela yangu?

Padi_Mbili: Wakuu, habari za wakati huu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua konsoli kwa kuangalia prosesa na grafiki tu. Jina silitaji, nisije nikaanzisha vita humu. Haukupita muda watengenezaji wa gemu wakaikimbia, na jamaa zangu wote wakawa kwenye mashine nyingine. Nikabaki na padi mbili za kuchezea na sina wa kumpa ya pili. Sasa nimejikusanya tena. Hivi kwa nini konsoli moja inauzika kama njugu na nyingine, yenye nguvu kuizidi, inadoda? Kuna dalili za kuziona mapema?

Babu Katriji: Pole sana mkuu, tulio wengi tumepita hapo. Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo ya 1989, skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Game Gear ya Sega ikaja na vyote viwili, ila ilimeza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne na unacheza kutwa. Halafu kwa Marekani, ndani ya boksi ulikuta na gemu ya Tetris. Ukiijumlisha na Game Boy Color, ziliuzwa karibu milioni 119.

Diski Tatu: Mzee kasema kweli, ila msisahau bei. Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, Sega walitangaza konsoli yao ya Saturn kwa dola 399 na kwamba inaanza kuuzwa siku hiyohiyo. Kuna maduka hayakupewa mzigo, yakanuna. Watengenezaji wa gemu nao walikuwa hawajamaliza kazi. Siku hiyohiyo mtu wa Sony akapanda jukwaani kutaja bei ya PlayStation yao, akasema "299", akashuka. Hotuba tamu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Konsoli ya Sega iliyofuata, Dreamcast, ikaja kulipa deni hilo. Mashine nzuri mno, bado naililia. EA, kampuni kubwa ya gemu, wakagoma kuitengenezea gemu, na watu wakaamua kuisubiri PlayStation 2 (PS2), ambayo ilicheza DVD na kukubali gemu za PlayStation ya kwanza. Hata mzazi asiyejua gemu aliona kapata deki ya DVD humohumo. PS2 imepita milioni 160. Dreamcast ilisitishwa 2001.

Mbishi wa Kudumu: Bei, bei, bei. GameCube ya Nintendo ilitoka kwa dola 199 wakati PS2 ni 299, mbona iliishia milioni 21 na ushee? Gemu ndiyo kila kitu. Nintendo 64 iling'ang'ania katriji (kaseti za gemu) zenye nafasi ndogo kuliko CD, kampuni ya Square wakaihamishia gemu yao ya Final Fantasy VII PlayStation, ikajaza CD tatu. Mashabiki wakaifuata huko.

Padi_Mbili: Sasa hapo wateja wanafuata gemu, au gemu zinafuata wateja?

Babu Katriji: Vyote, ndiyo maana mwanzo mbaya ni mgumu kuurekebisha. Wii U ya Nintendo ya 2012 wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii ya zamani, kosa la jina tu. Haikufika milioni 14. Wateja wachache, studio za nje zikajitoa, wateja wakapungua zaidi. Gemu ya Mario Kart 8 ya mashine hiyo ilipohamishiwa Switch, konsoli ya Nintendo iliyofuata, ndiyo ikawa gemu iliyouzwa kuliko zote humo. Gemu ni ileile, mkuu!

Kwa hiyo usinunue siku ya kwanza. Subiri miezi sita hivi, tazama studio zisizomilikiwa na mwenye mashine zinatangaza gemu gani. Zikinyamaza, na wewe shika hela yako. Halafu uliza jamaa zako wananunua ipi.

Mbishi wa Kudumu: Hilo la mwisho lingetosha.

Padi_Mbili: Asanteni wakuu. Nimewauliza kwenye grupu sasa hivi. Watatu wamejibu, wametaja mashine tatu.

Diski Tatu: Pole tena.